Turubai la Kukinga Jua

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Leo hatusomi habari za mbolea wala za maji ya kunywa. Leo twaangalia juu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu kabla hatujaanza: hewa ya ukaa, salfa, kivuli. Kila mmoja ayanakili katika daftari lake, maana tutakuwa nayo mpaka mwisho.

Tuanze na neno la kwanza. Ukichoma kuni, mafuta ya taa, petroli au makaa ya mawe, hutoka hewa isiyoonekana wala isiyonuka. Hiyo ndiyo hewa ya ukaa. Sisi wenyewe huitoa tukipumua, na mimea huivuta ipate kukua. Basi si kitu kibaya kikiwa kwa kiasi chake. Shida ni kuzidi. Hewa hiyo huzuia joto la nchi lisipande na kutoka, kama vile blanketi lizuiavyo joto la mwili wako usiku wa baridi.

Kabla viwanda vya Ulaya havijaanza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi, zaidi ya miaka 200 iliyopita, katika kila sehemu 1,000,000 za hewa zilikuwamo sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa. Siku hizi zimepita 420. Ukitaka kuiona hesabu hiyo kwa macho, pima punje 10,000 za mahindi, yaani kama kilo 3. Zamani punje zisizotimia 3 ndizo zingekuwa hewa ya ukaa. Sasa ni 4 na kidogo. Labda utasema, ongezeko la punje moja na nusu tu, ndilo la kutuhangaisha? Naam. Hata pilipili moja katika sufuria kubwa hujulikana.

Blanketi limekuwa zito. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote tangu watu waanze kupima joto la dunia nzima. Ulizidi kadiri ya zamani kwa digrii kama moja na nusu. Mwili wako hauwezi kuitambua digrii moja, lakini bahari huitambua. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya Mafia yalipauka na mengi yakafa, na samaki wengi hutegemea matumbawe kwa makao na chakula.

Dawa ya ugonjwa huu inajulikana: kuacha kuongeza blanketi. Lakini nchi zenye viwanda vingi zinaacha polepole mno. Kila mwaka dunia huchoma makaa na mafuta hata ikatoa zaidi ya tani bilioni 35 za hewa ya ukaa. Ndiyo sababu wataalamu wengine wameuliza swali jingine. Ikiwa blanketi haliondoki upesi, je, hatuwezi kutanda kivuli juu yetu? Hilo ndilo somo la leo. Nalisema mapema kwamba si hadithi ya kubuni. Fedha zimekwisha kutolewa kwa utafiti wake, na mabishano juu yake yamefika mpaka Nairobi.

Mlima uliofundisha

Wazo hili lina mwalimu wake, nao ni mlima. Katika kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino kuna volkano iitwayo Pinatubo. Ulikuwa umelala kwa karne kadhaa, na misitu imeota juu yake. Tarehe 15 Juni 1991 ulipasuka. Wataalamu walikuwa wameziona dalili mapema, na watu maelfu kwa maelfu walihamishwa. Lakini siku iyo hiyo tufani ilipita mahali pale. Mvua ikayalowesha majivu yaliyorundikana juu ya mapaa, mapaa yakashindwa uzito na kuanguka, watu mamia wakafa.

Pamoja na majivu, mlima ulirusha juu hewa ya salfa kati ya tani milioni 15 na milioni 20. Hapa twafika neno la pili. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hawahitaji kuelezwa salfa ni nini. Ni ule unga wa manjano wanaoupuliza mikorosho ili kuzuia ubwiriunga, na macho yao yanajua unavyowasha. Salfa ikiungua hutoa hewa inayokaba koo. Hata neno letu kiberiti asili yake ni Kiarabu, nalo huko maana yake ni salfa.

Ile hewa ya salfa ilipofika juu sana ilichanganyika na mvuke wa maji, ikawa matone madogo mno, kama ukungu mwembamba usioweza kuuona. Kila tone lilirudisha juu sehemu ndogo ya mwanga wa jua. Sasa, mbona ukungu huo haukuanguka siku ya pili? Vumbi la barabarani huoshwa na mvua ya kwanza tu. Jibu ni kwamba huko ulikofika hakuna mvua. Mawingu ya mvua yana mwisho wake. Kilimanjaro una meta 5,895. Panga milima mitatu kama huo, mmoja juu ya mwingine, utapita kilometa 17. Katika nchi za joto kama zetu, hapo ndipo inapoanzia hewa tulivu isiyo na mvua, na kitu kidogo kikifika huko hukaa mwaka mzima au zaidi.

Matokeo yake yalipimwa. Dunia nzima ilipoa kwa nusu digrii hivi. Mwaka wa pili ukungu ukawa unashuka kidogo kidogo, kisha joto likarudi pale lilipokuwa. (Mlima mmoja tu, ndugu msomaji, na uliigusa Unguja na Uingereza vilevile. Mimi nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nililifunga kitabu nikatoka nje kulitazama anga.)

Profesa Paul Crutzen, Mholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1995 kwa kazi yake juu ya hewa ya ozoni, aliandika mwaka 2006 kwamba jambo hilo lastahili kuchunguzwa. Hakuandika kwa kulifurahia. Yeye aliona njia bora ni kupunguza moshi, ila aliona pia kwamba nchi hazipunguzi. Tangu hapo wengine wamepiga hesabu za ndege. Ndege za abiria huruka kilometa 10 hadi 12 juu ya nchi, kwa hiyo hazitoshi. Zingetakiwa ndege za namna ya pekee za kufika kama kilometa 20, zikimwaga salfa mfululizo mwaka baada ya mwaka. Gharama yake ni mabilioni ya dola kila mwaka. Kwako na kwangu hizo ni fedha zisizohesabika. Lakini nchi moja tajiri yaweza kuzilipa peke yake bila kuuliza mtu. Weka alama ya kalamu chini ya sentensi hiyo.

Swali la mzee

Nilipofundisha somo hili mara ya kwanza, katika darasa moja la jioni, nilichora ubaoni jua, nikachora dunia, nikachora na turubai katikati. Nilikuwa nimeridhika na mchoro wangu. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, mkulima wa mtama, akainua mkono. "Mwanangu," akasema, "turubai nimeliona. Kamba zake kashika nani?"

Nikamwambia, "Mzee, hapo umenishinda." Darasa likacheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa akingoja jibu. Nimeliandika somo hili upya kwa sababu yake.

Tutazame basi turubai lenyewe kabla ya kamba. La kwanza, kivuli hakiondoi blanketi. Mtu mwenye jipu akipewa aspirini hupata nafuu, na jipu laendelea kutunga. Hewa ya ukaa ingezidi kuongezeka chini ya kivuli kile kile. Sehemu yake huyeyuka baharini na kuyafanya maji yapate ukali kidogo kama wa ndimu, na hapo chaza na matumbawe hushindwa kujenga magamba yao vizuri. Tena salfa huko juu huidhuru ozoni, ile hewa inayotukinga na miale mikali ya jua.

La pili ni la kutisha zaidi. Ukianza huwezi kuacha ghafula. Tuseme ndege zimemwaga salfa miaka 40, na wakati wote huo watu wamechoma makaa kama kawaida wakiona mambo ni shwari. Kisha vita vikatokea, au serikali ikafilisika, au wenye ndege wakagombana. Ndege zikilala, ukungu hushuka katika mwaka mmoja au miwili. Joto la miaka 40 lingetufikia katika miaka michache. Mti huweza kuhimili mabadiliko yanayokuja taratibu, na mkulima huweza kutafuta mbegu nyingine. Lakini joto lingekuja kwa kasi ambayo mti haungeweza kuifuata, na mtafuta mbegu asingekuwa na muda.

La tatu ni mvua, na hapa tukae zaidi, kwa kuwa wengi wetu twaishi kwa mvua.

Jua ndilo linaloinua maji kutoka baharini, ziwani na mashambani. Ukipunguza nguvu ya jua, maji yanayopanda hupungua, na mvua kwa jumla hupungua pia. Baada ya Pinatubo, kati ya mwisho wa 1991 na mwaka 1992, vipimo vilionyesha kwamba mvua iliyonyesha juu ya nchi kavu duniani ilipungua sana, na mito ikapeleka maji machache baharini.

Tena mvua ina njia yake. Mnajua kwamba Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, na Pwani na Kilimanjaro hupata vuli na masika. Sababu ni kwamba ukanda wa mvua hulifuata jua, huenda kusini kisha hurudi kaskazini, na njiani hupita juu yetu. Ukanda huo hupenda upande wenye joto. Je, mtu akimwaga salfa upande wa kaskazini peke yake? Kaskazini ingepoa, na ukanda ungesukumwa kusini. Watakaoona kiu kwanza ni watu wa Sahel, nchi zile za ukingo wa jangwa la Sahara, kutoka Senegali mpaka Sudani. Jambo hili limekwisha kuonekana kwa volkano. Mwaka 1912 mlima ulipasuka huko Alaska, na mwaka 1913 Sahel ikapata ukame mkubwa na njaa. Mwaka 1982 ulipasuka El Chichón nchini Meksiko, na miaka iliyofuata ilikuwa miaka mibaya Sahel. Sisemi milima hiyo peke yake ndiyo iliyoleta ukame, maana bahari nazo zina sehemu yake. Lakini wanaolinganisha kumbukumbu za mvua hawalipuuzi jambo hilo.

Wenye kulitetea turubai hujibu kwamba salfa ikimwagwa sawasawa kaskazini na kusini, madhara hayo yangepungua sana. Hesabu za kompyuta zinawaunga mkono kwa sehemu. Hata hivyo, juu ya mvua za Afrika Mashariki hesabu hizo hazitoi jibu moja. Nyingine zinaonyesha nafuu, nyingine upungufu.

Nami nakuomba ulifikiri jambo hili. Tuseme ndege zimeruka, na mwaka huo masika haikuja. Utamshitaki nani? Ukame ulikuwapo kabla ya ndege. Wenye ndege watasema ni ukame wa kawaida, na pengine wanasema kweli. Mkulima atasema ameibiwa mvua yake, na pengine anasema kweli naye. Hakuna mahakama iliyo tayari kuamua kesi hiyo.

Kuvua blanketi lenyewe

Wengine hawataki kivuli. Wao wanataka kuvuta hewa ya ukaa kutoka hewani na kuifungia chini. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, msiichanganye na ya kwanza. Huko Aislandi kilifunguliwa mwaka 2021 kiwanda kiitwacho Orca. Feni zake huvuta hewa, dawa hunasa hewa ya ukaa, kisha hiyo huchanganywa na maji na kushindiliwa ndani ya miamba ya volkano, ambamo hugeuka kuwa mawe. Kwa watu wa Bonde la Ufa la Kenya habari hiyo si ya mbali, kwa kuwa nao wana miamba ya namna hiyo na mvuke wa ardhini wa kuendesha mitambo, na kampuni ya Kenya iitwayo Octavia Carbon imekwisha unda mashine zake yenyewe.

Ni kazi safi kuliko kumwaga salfa. Lakini hebu tupige hesabu, mwalimu asimamie ubaoni. Orca kilijengwa ili kivute mpaka tani 4,000 kwa mwaka. Dunia hutoa zaidi ya tani 35,000,000,000. Gawanya. Mkipata 8,750,000 mmepata sawa. Vingehitajika viwanda vya kadiri ile karibu milioni 9. Mwaka 2024 kilifunguliwa kingine kikubwa mara 9, na bado safari ni ndefu.

Kamba

Sasa nilirudie swali la mzee. Nani kashika?

Mwaka 2021 wataalamu wa chuo kikuu cha Harvard cha Marekani walitaka kujaribu puto lao huko Kiruna, kaskazini mwa Uswidi. Safari ya kwanza isingemwaga kitu chochote. Ilikuwa ya kupima mitambo tu. Wasami, wenyeji wanaofuga wanyama wa jamii ya kulungu wanaoishi thelujini, waliandika barua kwamba hawakuulizwa na hawakubali. Jaribio likasimamishwa, na mwaka 2024 chuo kikaufunga mpango ule moja kwa moja. Wafugaji walishika kamba siku hiyo.

Lakini mwaka 2022 kampuni ndogo ya Marekani ilirusha maputo yenye salfa kidogo kutoka Meksiko bila kuomba ruhusa kwa mtu. Serikali ya Meksiko ilipopata habari ilitangaza, Januari 2023, kwamba itapiga marufuku majaribio hayo. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, hakingeweza kupoza hata kijiji. Kilichonishangaza mimi ni urahisi wake. Watu wawili na puto!

Mwaka 2019 Uswisi ililileta jambo hili mbele ya baraza la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo hukutana Nairobi. Halikupita. Agosti 2023 mawaziri wa mazingira wa Afrika walikutana Addis Ababa, wakataka uwepo mpango wa dunia wa kutotumia turubai hilo. Februari 2024 Uswisi ilijaribu tena Nairobi, safari hii ikiomba iundwe kamati ya wataalamu wa kulichunguza. Nchi za Afrika zikashikilia msimamo wao, nyingine za ng'ambo zikataka utafiti usonge mbele, maneno yakashindwa kulingana, na Uswisi ikaiondoa hoja yake. Kwa hiyo mzee wetu angeuliza leo, ingebidi nimwambie: kamba ziko chini, hazijashikwa, na yeyote mwenye fedha aweza kuziokota.

Mtaniuliza mimi nasimama wapi. Naona mawaziri walifanya vema kusema ndege zisiruke. Lakini sikubaliani na wale wanaosema tusilichunguze kabisa, eti kulichunguza ni kulikubali. Joto nalo linaua. Ikiwa wajukuu wetu watafikia hali mbaya kuliko tunavyofikiri, huenda wao ndio watakaokiomba kivuli, na itakuwa aibu wakiomba ushauri na kukuta kila hesabu ilipigwa na watu wa nchi za baridi. Watafiti wa Afrika, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, wameanza kuzipiga wenyewe hesabu za mvua na ukame chini ya turubai. Hao ningependa wawe wengi zaidi, na wawepo wanaotujulisha mambo yao kwa lugha tunayoisoma.

Mwalimu, hapa zima redio. Gaweni darasa katika vikundi vya watu watano watano. Kila kikundi kijadili swali hili: ikiwa turubai litatandwa siku moja, ni nani lazima aulizwe kwanza, na ataulizwa kwa njia gani? Katibu aandike jibu kwa sentensi zisizozidi sita. Wasiojua kuandika vizuri bado waandike walau maneno matatu ya ubaoni, kisha wayasome kwa sauti. Wiki ijayo tutasoma namna ya kutengeneza kipimo cha mvua kwa chupa tupu, kwa hiyo kila mmoja aje na chupa moja na rula.